Yali za Bosporus: Nyumba za Mbao Zilizojengwa kwa Msimu Mmoja

WAHENGA wetu walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Leo, mpenzi msomaji, tutafungua milango ya nyumba zilizo mbali na pwani yetu, lakini ambazo waliozijenga walikuwa na shughuli zile zile walizokuwa nazo wazee wetu: wapi atakaa mgeni, wapi watapumzika kina mama, upepo utaingia wapi, na jicho la mpita njia litazuiwa vipi.

Mtu akitaja mji wa Istanbul, aghalabu husifiwa mawe. Husifiwa msikiti wa Süleymaniye uliokamilika mwaka 1557, husifiwa madaraja, mabirika na ngome. Lakini watu wale wale waliomjengea Mola wao nyumba za mawe zilizosimama karne na karne, wenyewe walilala katika nyumba za mbao. Wala si mafukara peke yao. Hata Waziri Mkuu wa Dola ya Othmania, aliyeaminiwa mhuri wa Sultani, msimu wa joto alilala chini ya dari la mbao, na chini ya sakafu yake maji ya bahari yakipiga.

Nyumba hizo za ukingoni mwa maji Waturuki huziita yali. Neno lenyewe wamelipata kwa Wayunani, na asili yake ni ufuo. Kwa hiyo jina la nyumba ndilo jina la mahali: ufuo na nyumba vimekuwa kitu kimoja.

MKONO WA BAHARI

Bosporus ni mkono wa bahari wenye urefu wa kilomita 30 hivi, unaoiunganisha Bahari Nyeusi upande wa kaskazini na Bahari ya Marmara upande wa kusini. Ng'ambo moja ni Ulaya, ng'ambo ya pili ni Asia. Pale palipo pembamba zaidi, baina ya ngome mbili za Rumelihisarı na Anadoluhisarı, upana wake ni mita 700 tu. Anayevuka feri ya Likoni kila siku hatapata taabu kukisia umbali huo.

Katika miezi ya joto, mji wa Istanbul ulikuwa mzito kwa jua, vumbi na msongamano wa watu. Bosporus, kinyume chake, hupata upepo wa kaskazini mashariki unaotoka Bahari Nyeusi, ambao Waturuki huuita poyraz. Basi wenye uwezo walikuwa na makazi mawili. Wakati wa baridi walikaa katika nyumba kubwa ya mjini, iitwayo konaki. Joto likianza, jamaa nzima ilihama: mabibi na mabwana, watoto, wapishi, yaya, magodoro, mazulia na masufuria. Vyote vilipakiwa katika mashua nyembamba za makasia ziitwazo kaiki, vikapelekwa yali hadi majani yaanze kupukutika. Kama sisi tujuavyo kaskazi na kusi, na safari za vyombo zilivyofuata pepo hizo, wao walijua mwezi wa kuhama na mwezi wa kurejea.

Hivyo ndivyo vilivyokua vijiji vya Bosporus: Kanlıca, Kandilli na Çengelköy upande wa Asia, Bebek, Emirgan na Yeniköy upande wa Ulaya. Kila kijiji kilikuwa na gati lake, mkahawa wake na mahali pake pa ibada. Hawakukaa Waislamu pekee. Wayunani, Waarmenia na Wayahudi walikuwa majirani, na kijiji cha Kuzguncuk mpaka leo hutajwa kwa misikiti, makanisa na masinagogi yaliyo karibu karibu.

KWA NINI MBAO?

Msomaji atauliza: watu wenye mali na mafundi stadi wa mawe, kwa nini wajenge kwa mbao? Ziko sababu za dunia, na iko sababu ya moyo.

Sababu ya kwanza ni tetemeko. Istanbul iko karibu na ufa mkubwa wa ardhi. Tetemeko la mwaka 1509 liliubomoa mji kiasi kwamba watu waliliita kiyama kidogo. Nyumba ya mawe ikitikiswa hupasuka na kuwaangukia walio ndani, lakini nyumba ya mbao hupinda, hulia, kisha hurudi. Sababu ya pili ni msitu: mbao zilipatikana kwa wingi katika nchi zilizozunguka Bahari Nyeusi, na bahari yenyewe ilikuwa njia ya kuzileta. Sababu ya tatu ni wepesi wa kazi, kwani maseremala waliweza kusimamisha nyumba kubwa kwa muda mfupi.

Ama sababu ya moyo ni hii. Kwa watu wale, msikiti, madrasa na chemchemi ya wakfu vilikuwa vitu vya kudumu, vimetolewa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na kwa manufaa ya watu wote. Nyumba ya mtu ilikuwa ya mtu, na mtu ni mpita njia. Hakukuwa na aibu nyumba ikafa na mwenyewe. Ilijengwa kwa msimu, ikafurahiwa kwa msimu, na mjukuu akitaka yake atajenga yake.

Kazi yenyewe ingefahamika mara moja kwa fundi yeyote wa majahazi. Msingi ulikuwa wa mawe, na aghalabu chini yake palikuwa na chumba cha maji ambamo kaiki ziliingia moja kwa moja kutoka baharini. Juu ya mawe hayo kiliinuliwa kiunzi cha mbao, nguzo na mihimili, kama mataruma ya chombo kabla hakijapigwa mbao. Ndani, kiunzi kilipigiliwa papi nyembamba na kupakwa chokaa. Nje, kilivikwa mbao za kulala, moja imeikalia nyingine ili mvua iteleze. Ghorofa ya juu ilijitokeza mbele, ikishikiliwa na mihimili iliyoinama, mpaka chumba kikawa juu ya maji kabisa. Paa lilikuwa la vigae, na upenu wake mpana ulikinga madirisha jua na mvua. Yali nyingi za zamani zilipakwa rangi itokanayo na udongo mwekundu, rangi ya damu ya mzee, ambayo ilipoakisiwa na maji ya jioni ilionekana kuwaka.

TUINGIE NDANI

Nyumba ya jamaa kubwa iligawanywa sehemu mbili. Ya kwanza ni selamliki, na msomaji atalisikia neno salamu ndani yake: ndipo palipotolewa salamu, palipopokewa wageni wanaume na palipozungumzwa mambo ya kazi. Ya pili ni haremu, na humo mna neno haramu kwa maana ya mahali penye heshima pasipoingiliwa. Huko ndiko yalikokuwa maisha yenyewe ya nyumba: watoto, kina mama, bibi wa nyumba, mapishi na masimulizi. Katika nyumba nyingine sehemu hizo zilikuwa na milango mbalimbali na hata bustani mbalimbali. Katika baadhi yake liliwekwa ukutani kabati la kuzunguka: aliye haremu huweka kahawa au chakula, hulizungusha, na aliye selamliki hupokea, pasi na mmoja kumwona mwenzake.

Katikati ya nyumba ulikuwa ukumbi ambao Waturuki huuita sofa. Usidhani ni kiti. Neno hili ni la Kiarabu, suffa, lile lile tulijualo katika habari za Ahlus-Suffa, masahaba mafukara waliokaa katika kibaraza cha msikiti wa Mtume, rehema na amani zimshukie. Wazungu ndio waliolichukua wakalipa kiti. Katika yali, sofa ndiyo iliyounganisha vyumba vyote. Vyumba vilikaa pembeni, kila kimoja kikijitegemea, na baina yake ukumbi ulifunguka upande wa bahari na upande wa bustani, upepo ukapita moja kwa moja.

Chumba kimoja kilifanya kazi zote. Kando ya madirisha yalipangwa makalio ya chini, kama baraza zetu, yaliyotandikwa mito. Mchana watu walikaa hapo. Wakati wa chakula liliwekwa sinia katikati. Usiku magodoro yalitolewa katika makabati yaliyojengwa ukutani, yakatandikwa, na asubuhi yakarudishwa. Meza na vitanda vya miguu mirefu vilikuja baadaye pamoja na desturi za Ulaya.

Hapa ndipo palipo tofauti kubwa na nyumba zetu za kale. Nyumba ya mawe ya Lamu huipa bahari na njia mgongo. Kuta zake ni nene, na huvuta nuru na hewa kutoka kiwanda cha ndani. Stara yake ni ukuta. Yali hufanya kinyume: huielekea bahari kwa uso wote, dirisha kwa dirisha, na stara yake ni kimia cha mbao kilichowekwa dirishani, ambacho aliye ndani huona nje na aliye nje haoni kitu. Swali lilikuwa moja, lakini majibu yalikuwa mawili, kila moja likifuata nchi yake, mali ghafi yake na upepo wake. Wanaodhani iko namna moja tu ya nyumba ya Kiislamu na wazitazame hizi mbili pamoja.

YALI KONGWE KULIKO ZOTE

Yali kongwe iliyobaki iko upande wa Asia, karibu na Anadoluhisarı. Aliijenga Amcazade Hüseyin Paşa mwaka 1699, alipokuwa Waziri Mkuu. Alikuwa wa ukoo maarufu wa Köprülü uliotoa mawaziri wakuu kadhaa, na mwaka huo huo dola yake ilitia saini mkataba wa amani wa Karlowitz uliomaliza vita virefu na madola ya Ulaya. Kilichobaki cha nyumba hiyo ni baraza lake la kupokelea wageni tu. Ramani yake ni kama herufi T, na sehemu zake zimejitokeza juu ya maji. Madirisha ni ya chini, yamefuatana pande zote, hata aliyekaa juu ya mto huona mawimbi bila ya kuinuka. Katikati pana birika la chemchemi, na kutani mna vibao vilivyochorwa maua katika vyombo vyake.

Baada yake ulikuja wakati uitwao Zama za Tulipu, baina ya mwaka 1718 na 1730, chini ya Sultani Ahmed III. Wakubwa walishindana kujenga bustani na majumba ya starehe ukingoni mwa maji. Mwaka 1722 lilijengwa jumba la Sadabad. Lakini anasa iliyozidi huzaa chuki: mwaka 1730 wenye njaa na hasira waliasi wakiongozwa na Patrona Halil, Sultani akauzuliwa, na mabanda mengi ya Sadabad yakaharibiwa. Historia ya nyumba nzuri, msomaji, si historia ya uzuri peke yake.

Huko Çengelköy iko yali ya karne ya 18 ijulikanayo kwa jina la Sadullah Paşa, mwenyeji wake wa baadaye. Ukumbi wake wa katikati ni wa duara lililorefuka kama yai, na dari lake limefanyizwa kama hema lililotandazwa. Watu wengi huona ndani yake kumbukumbu ya mababu wa Kituruki waliohamahama na mahema yao. Kandilli nako iko yali ya Kıbrıslı, ambayo upande wake unaotazama maji una urefu unaopita mita 60.

MELI ZA MOSHI NA MITINDO YA ULAYA

Mwaka 1851 ilianzishwa kampuni ya meli za moshi za Bosporus, Şirket-i Hayriye, yaani Shirika la Kheri. Jambo hilo liliibadilisha pwani ile nzima. Zamani mwenye kaiki na wapiga makasia ndiye aliyeweza kukaa mbali na mji. Sasa karani, mwalimu na mfanyabiashara wa kadiri aliweza kwenda kazini asubuhi na kurejea jioni kwa nauli. Nyumba za msimu wa joto zikaongezeka, zikawa ndogo zaidi, na vijiji vikajaa.

Mitindo nayo ikageuka. Masultani walihamia majumba ya mawe na marumaru ya mtindo wa Ulaya, yaliyojengwa na mafundi wakuu wa Kiarmenia wa ukoo wa Balyan: Dolmabahçe lililokamilika mwaka 1856 na Beylerbeyi, jumba la msimu wa joto, mwaka 1865. Wenye yali wakaiga kwa mbao kile ambacho masultani walifanya kwa mawe: nguzo za Kiyunani, nakshi za Kifaransa, roshani za chuma. Jamaa ya watawala wa Misri nayo ilikuja kupumzika huko. Nyumba aliyojengewa mama yake Khedive Abbas Hilmi II huko Bebek mwanzoni mwa karne ya 20 sasa ni ubalozi mdogo wa Misri.

Yako pia mambo mazito yaliyoamuliwa ndani ya mbao hizo. Katika yali ya Waziri Mkuu Said Halim Paşa, huko Yeniköy, ndimo ulimotiwa saini mkataba wa siri na Ujerumani tarehe 2 Agosti 1914, uliowavuta Waothmani katika Vita Vikuu vya Kwanza. Ni vita vile vile vilivyofika Tanga mwezi wa Novemba mwaka huo, na Taveta pia. Dola iliyotia saini haikutoka salama. Mwaka 1923 ilitangazwa Jamhuri ya Uturuki, na mji mkuu ukawa Ankara.

MOTO, MIRATHI NA MELI

Hapo ndipo balaa za yali zilipokutana. Mapasha waliokuwa na mishahara ya dola hawakuwapo tena. Nyumba iliyojengwa kwa jamaa ya watu thelathini na watumishi wao ilirithiwa na watoto, kisha wajukuu, kila mmoja na sehemu yake, na asiwepo hata mmoja mwenye fedha za kubadili mbao zilizooza. Nyumba ya mbao iliyo juu ya maji ya chumvi haisubiri. Ikikosa rangi miaka michache, unyevu huingia, na ukishaingia hautoki.

Moto nao haukuwa mgeni. Istanbul iliunguzwa vibaya mwaka 1660 na tena mwaka 1918, na yali zikawa zinaungua moja moja, usiku baada ya usiku. Mwandishi Orhan Pamuk, aliyezaliwa mwaka 1952, ameeleza katika kitabu chake juu ya Istanbul jinsi watu walivyokuwa wakikusanyika ng'ambo kutazama yali zikiteketea, na majonzi yaliyochanganyika na raha ya kutazama. Hata yali ya Said Halim Paşa iliungua mwaka 1995, ikajengwa upya. Barabara za pwani nazo ziliwekwa mbele ya nyumba nyingine, zikazitenga na maji yaliyozipa jina.

Kisha kuna meli. Mkataba wa Montreux wa mwaka 1936 umezipa meli za biashara za mataifa yote haki ya kupita Bosporus, na kila mwaka meli kwa makumi ya maelfu hupita mahali palipo na kona kali na mikondo ya maji yenye nguvu. Tarehe 7 Aprili 2018 meli ya mizigo iitwayo Vitaspirit, yenye urefu wa mita 225, iliharibika mtambo karibu na daraja la pili. Nahodha hakuweza kuigeuza. Iliingia moja kwa moja katika yali ya Hekimbaşı Salih Efendi, tabibu mkuu wa masultani wa karne ya 19, ikaivunja sehemu kubwa. Nyumba iliyokuwa ikikodishwa kwa maharusi na karamu ikawa vifusi mbele ya macho ya watu. Kwa bahati njema hakufa mtu.

SWALI LILILOBAKI

Wapo waliojitahidi. Msanifu Sedad Hakkı Eldem, aliyefariki mwaka 1988, aliwatuma wanafunzi wake kupima na kuchora nyumba za kale kabla hazijatoweka, na mwaka 1954 akatoa kitabu juu ya ramani za nyumba za Kituruki. Nyumba nyingi zilizochorwa zimekwisha, michoro imebaki. Mwaka 1983 serikali ilitunga sheria ya Bosporus, ikazuia ujenzi mpya ukingoni na kuruhusu kutengeneza kilichokuwapo.

Lakini sheria huweza kuhifadhi sura isihifadhi nyumba. Yali zimekuwa miongoni mwa nyumba ghali mno nchini Uturuki, na wanaoziweza ni matajiri wakubwa. Nyingi zimevunjwa na kujengwa upya kwa zege, kisha zikavikwa mbao kwa nje ili zifanane na zilizokuwapo. Kwa mbali huwezi kutofautisha. Lakini kiunzi kilichopinda na tetemeko na kurudi hakimo, na maarifa ya seremala aliyejua kukiunga yanakwenda naye kaburini. Tena nyumba iliyokuwa na mabibi watatu, shangazi wawili na watoto wasiohesabika, leo huenda ikafungwa madirisha mwaka mzima ikimngoja mwenyewe aje kwa juma moja.

Sisi wa pwani hatuna haja ya kuelezwa sana jambo hili. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, na kila mtu anajua nyumba ambayo warithi wake wametawanyika, paa limeanguka, na mnunuzi anabisha hodi na fedha taslimu. Hatuwezi kumlaumu maskini kwa kuuza. Lakini funzo la Bosporus ni kwamba kinachopotea kwanza si ukuta. Hupotea fundi, kisha hupotea jamaa, na ukuta hubaki ukipigwa picha.

Waothmani walizijenga yali wakijua kwamba hazitadumu, na labda kwa sababu hiyo walizipenda. Waliofuata ndio wanaotaka zidumu, na hilo lina gharama yake: kumlipa fundi kabla mbao hazijaoza, kumfundisha kijana kabla mzee hajafa, na warithi kukaa pamoja wakakubaliana kabla ya dalali kufika. Usiache mbachao kwa msala upitao.